Kilele Kilicho Chini: Lugha ya Kufundishia Parabola katika Shule za Ruashi

1. Utangulizi

Mjadala juu ya lugha ya kufundishia nchini Kongo si mgeni. Mwaka 1974 wanaisimu wa nchi hii, iliyokuwa ikiitwa Zaire, walikutana hapa Lubumbashi katika semina yao ya kwanza ya kitaifa, wakapendekeza lugha za taifa zipewe nafasi shuleni. Katiba ya 2006 inazitaja lugha hizo kuwa nne, yaani Kikongo, Lingala, Kiswahili na Kitshiluba, huku Kifaransa kikibaki lugha rasmi. Hata hivyo, wanaokitetea Kiswahili kama lugha ya elimu hutoa mifano yao karibu daima katika hadithi, methali, na kujua kusoma na kuandika. Hisabati huachwa kando, kana kwamba namba hazina lugha.

Makala haya yanachunguza somo moja dogo la hisabati: namna wanafunzi wa sekondari katika komuni ya Ruashi wanavyofundishwa kuchora grafu ya fonksioni ya kipeo cha pili, yaani ile kanuni inayoipa kila namba x namba moja y, na ambayo ndani yake x inazidishwa kwa x yenyewe. Mchoro wake huitwa parabola. Tunalitazama somo hilo kwa jicho la mwanaisimu. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya kosa linalohesabiwa kuwa udhaifu wa akili ya mwanafunzi ni kosa la maneno, na ya mpangilio ambamo maneno hayo hutolewa.

2. Jedwali linaloficha

Tuchukue mfano wa y = x² − 4x + 3. Desturi ya ubaoni inajulikana. Mwalimu huandika jedwali, humpa x thamani tano zilizozoeleka, −2, −1, 0, 1 na 2, kisha wanafunzi hutafuta y. Hupatikana 15, 8, 3, 0 na −1. Nukta tano hutiwa kwenye karatasi ya miraba na kuunganishwa, mara nyingi kwa rula.

Mchoro unaopatikana ni mstari unaoshuka tu. Haugeuki popote. Papo hapo mwanafunzi huambiwa kwa Kifaransa kwamba kitu hicho kina «sommet», kina «axe de symétrie», na kina «concavité» iliyoelekea juu. Haoni hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Anachofanya ni kuyaandika maneno hayo daftarini, na siku ya mtihani kuyarudisha kama alivyoyapokea. Tukimwita mwanafunzi huyo mzito, tutakuwa tumemdhulumu. Yeye ameusoma mchoro kwa uaminifu kuliko aliyemfundisha.

Ila jedwali hilohilo lina siri yake, na siri hiyo husomeka kwa vitenzi vya kila siku. Kutoka 15 hadi 8 tumeshuka 7, kutoka 8 hadi 3 tumeshuka 5, kisha 3, kisha 1. Hatua zinapungua mbili mbili. Mwanafunzi akiulizwa hatua ijayo itakuwaje, naye akiruhusiwa kujibu kwa lugha ya nyumbani, jibu huja bila taabu. Katika darasa moja la Ruashi tulisikia hivi: «Ile mustari inashuka, inafika pa chini, inageuka, inapanda.» Na ndivyo ilivyo. Baada ya kushuka 1, tunapanda 1, kisha 3, kisha 5: x ikiwa 3, y ni 0; x ikiwa 4, y ni 3. Upande wa kulia unaurudia upande wa kushoto. Karatasi ikikunjwa kwenye x = 2, pande hizo mbili zinalaliana. Kanuni ya −b/2a, ambayo hapa inatoa 2, sasa ina kitu cha kueleza: ni mahali pa mkunjo.

Yafaa ieleweke kwamba hatudai namba zenyewe zitajwe kwa Kiswahili. Mjini Lubumbashi bei hutajwa kwa Kifaransa hata katikati ya sentensi ya Kiswahili, na mtoto hukua na mazoea hayo. Mgawanyo wa kazi upo tayari: Kifaransa kinahesabu, Kiswahili kinasimulia kinachotokea. Shule inaichukua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili, hali ya kuwa grafu ni jambo la kusimuliwa.

3. Jina linalopotosha

Neno «sommet» lastahili kuhojiwa peke yake. Kwa maana ya kawaida ni kilele cha mlima. Mkazi wa Lubumbashi akitafuta mfano wa kilele ataelekeza mkono kwenye terili ya Gécamines, lile rundo kubwa jeusi la mabaki ya kuyeyusha shaba lililo karibu na bomba la moshi. Lakini parabola yetu ina «sommet» katika nukta ya (2, −1), ambayo ni ya chini kuliko zote. Mtoto wa Ruashi ana mfano ulio bora zaidi karibu na nyumbani: shimo la wazi la mgodi wa shaba na kobalti unaochukua jina la komuni yake. Hakuna mchimbaji ambaye angepaita mahali pa chini kabisa pa shimo hilo kilele. Akiambiwa aonyeshe «sommet», mwanafunzi huweka kidole juu, kwenye 15, na mwalimu humpa sifuri. Kidole hicho kimeitii lugha.

Baadhi ya walimu hutumia terili kama picha ya parabola iliyofudikizwa. Picha hiyo nayo ina hatari yake, kwa sababu mbavu za rundo la mabaki hukaribia kunyooka, na parabola haina mahali palipo nyoofu. Chungu kilichokaa na chungu kilichofudikizwa vinafaa zaidi kueleza mwelekeo wa mdomo, ilimradi mwanafunzi ajue kwamba mfano ni wa mdomo tu.

4. Istilahi za Mashariki

Je, tuagize istilahi kutoka Tanzania? Wako wanaoona kwamba huo ndio ufumbuzi, na hatupuuzi kazi iliyofanywa huko. BAKITA iliundwa mwaka 1967. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Lakini jina la kamusi hiyo lenyewe halitaji hisabati, na Kiswahili cha shule nyingi za Tanzania huishia darasa la saba, kisha sekondari huanza kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, Kiswahili husimama mlangoni palepale parabola inapoingia. Istilahi za ngazi hiyo hazijasuguliwa na vinywa vya wanafunzi.

Athari yake inaonekana katika neno kipeo. Katika hisabati ya shule za msingi, kipeo ni ile namba ndogo iandikwayo juu ya nyingine. Katika lugha ya kawaida ni upeo wa juu, kilele. Anayetafsiri «sommet» kwa kipeo atajikuta akisema kwamba fonksioni ya kipeo cha pili ina kipeo kimoja, nacho kiko chini. Hilo ni fumbo, na darasa halihitaji mafumbo. Vivyo hivyo, majira ya nukta yatamfanya msomaji wa Katanga afikirie mvua na kiangazi.

Hatusemi kwamba Kiswahili hakiwezi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika mjini Baghdad katika karne ya 9, alieleza utatuzi wa milinganyo ya namna hii kwa maneno matupu, bila x wala alama ya kujumlisha. Mraba wa namba isiyojulikana aliuita māl, neno ambalo sisi tunalo, mali. Namba yenyewe aliiita mzizi. Alichukua maneno ya watu na kuyapa kazi mpya. Tofauti yake na baadhi ya watunga istilahi wetu ni kwamba wao huanza na orodha ya nomino za Kifaransa au Kiingereza na kuzitafutia visawe, moja baada ya moja.

Sisi twapendekeza kuanza na vitenzi. Kwa kuwa mstari wa parabola hugeukia mahali pamoja, pahala hapo paitwe geukio, kwa kufuata njia ileile iliyotoa kimbilio kutoka kimbilia. Neno hilo halijali kama mdomo uko juu au chini. Mhimili wa ulinganifu uanze kuitwa mstari wa mkunjo, hadi mwanafunzi aukunje kwa mikono yake. Jina rasmi litafuata.

5. Hitimisho

Tunatambua pingamizi kubwa: Mtihani wa Taifa mwishoni mwa sekondari huandikwa kwa Kifaransa, na mzazi wa Ruashi anayelipia masomo kwa taabu anataka mwanawe aufaulu. Ana haki. Hakuna katika pendekezo hili kinachomnyima mtoto neno «sommet». Atalipata, ila baada ya kujua ni la kitu gani, na baada ya kuonywa kwamba linaweza kuwa chini.

Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi katika shule ya msingi. Sekondari haina budi kufikiriwa nayo, walau katika maelezo ya mdomo. Kabla orodha nyingine ya istilahi haijachapwa, itiwe kwenye jaribio rahisi: apewe mwanafunzi karatasi ya miraba na y = x² − 4x + 3, atajiwe maneno ya orodha hiyo, kisha atazamwe anakoweka kidole. Neno geukio nalo lipitie jaribio hilohilo, na likishindwa litupwe.