Dakika Kumi Kabla ya Kalamu

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ile 102/1, ina maswali manne tu. La kwanza ni la lazima. Katika matatu yaliyosalia mtahiniwa huchagua moja. Kila insha ina alama 20, isipungue maneno 400, na baada ya saa moja na dakika 45 karatasi hukusanywa. Wanafunzi wengi huidharau. Sarufi inawatisha, riwaya na tamthilia zinawanyima usingizi, lakini insha, wanasema, utaandika tu. Kwangu mimi, hii ndiyo karatasi yenye ufundi kuliko zote tatu.

Maandalizi ya kawaida tunayajua. Daftari la mapambo huzunguka bwenini: majogoo waliowika, alfajiri mbichi, misemo iliyonyofolewa kutoka Siku Njema ya Ken Walibora. Sina ugomvi na daftari hilo, kwani hata malenga huanza kwa kuiga. Ila majogoo walewale huwika katika insha ya ajali, ya harusi na ya ukame, na msahihishaji huwasikia kabla hajafungua ukurasa.

Ufundi wenyewe umo katika zile dakika za mwanzo, mtahiniwa anapolisoma swali mara ya pili na ya tatu kabla ya kuandika. Chukua methali: Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wa Kitui huenda hajawahi kukanyaga jahazi, lakini akishajua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele na ngama ni tumboni mwake, kisa kinaanza kujijenga. Lazima awepo mtu wa kuhangaika huku na huko, na lazima arudi alikotoka. Wengi huandika nusu ya kwanza kwa uhodari mno. Kijana anatoroka kijijini, anazama katika anasa za mjini, anaishia gerezani. Hapo wino unakauka na marejeo hayapo. Kisa kimeisha, methali imebaki nusu. Msahihishaji hutazama pande zote mbili. Na yule aliyeliacha swali akaandika kisa alichokikariri tangu likizo husemwa "amejitungia swali". Mapambo yote ya bweni hayamwokoi.

Swali la mdokezo lina utamu wake. Ukiambiwa insha imalizike kwa maneno fulani, huna budi kupanga kuanzia mwisho: ni nani anayesema maneno hayo, yuko wapi, kimemfika nini? Kama maneno yamo katika nafsi ya kwanza, basi msimulizi ni "mimi" tangu aya ya kwanza, naye hawezi kusimulia asichokiona wala kukisikia. Sijui zoezi linalofundisha usimulizi kuliko hili, na wapo watunzi waliokwisha kuchapisha vitabu ambao lingewafaa.

Swali la lazima ni la sura: barua rasmi na anwani zake mbili, hotuba na itifaki yake, kumbukumbu za mkutano na waliotuma udhuru, hadi sahihi za mwenyekiti na katibu. Hayo hujifunzwa upesi. Hoja ndizo zenye kazi, na hoja hazikaririwi. Huja kwa kusoma magazeti, kusikiliza taarifa ya habari na kubishana mezani. Anayedhani uandishi wa insha uliletwa na mitihani akumbuke kwamba Shaaban Robert, bingwa wa ushairi, alitoa kitabu kizima cha insha, Kielezo cha Insha, kilichochapishwa Johannesburg mwaka 1954.

Hesabu ya muda ni rahisi: dakika 10 za kupanga, 40 kwa kila insha, 15 za kusahihisha l na r, dh na z, na koma zilizosahaulika. Wanaoziruka zile 10 za mwanzo huzilipa katikati ya aya ya tatu, kwa kufutafuta.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa, acha kwanza kuandika insha nzima kila jioni. Tafuta karatasi za miaka iliyopita, chagua maswali matatu, na kwa kila moja andika mpango tu: nani, wapi, tatizo gani, linaishaje. Kisha mpe mwenzako mpango huo bila swali. Asipoweza kukisia swali lilikuwa lipi, panga upya.