Kumjua Fundi Hodari wa Kompyuta ya Michezo

Miongoni mwa mafundi wa vyombo vya umeme, ni wachache ambao ustadi wao humwia vigumu mteja kuupima kama yule anayeletewa kompyuta mpakato ya michezo yenye ila ya kuzimika ovyo. Kwa maana chombo hicho huweza kukaa mezani pake kutwa nzima kikiwaka kwa adabu, kikifungua barua na kuonyesha picha, kisha mwenyewe akirudi nacho nyumbani jioni na kufungua gemu lake, kikafa mbele ya macho yake. Mteja huiona bei, na huona kwamba chombo kinawaka, walakin mawili hayo hayatoshi kumtenga fundi na mbahatishaji. La kutazamwa ni namna anavyoitafuta sababu kabla ya kuitaja.

Yasikilize kwanza maswali yake. Fundi mwenye maarifa hashiki bisibisi mpaka ajue kompyuta hufa vipi, kwani kuzimika ni kwa namna nyingi. Ikiwa hukatika ghafla, skrini ikawa nyeusi na feni zikanyamaza kwa mara moja bila onyo, mawazo yake yatakwenda kwenye joto au kwenye njia ya umeme. Ikiwa hutoa skrini ya buluu yenye maandishi, atautaka msimbo ulioandikwa pale, maana 0x124 aghalabu hushitaki kifaa chenyewe, na 0x116 huelekeza kwenye kadi ya michoro au draiva yake, ambayo Windows huingoja ijibu kwa sekunde 2 tu kabla ya kuiwasha upya kwa nguvu. Na ikiwa gemu hujifunga peke yake ilhali mengine yote yanaendelea kama kawaida, huenda kosa ni la gemu lenyewe, na hakuna haja ya kufungua hata parafujo moja. Atauliza pia kama mwenye mali aliwahi kuigusa volteji ya prosesa au kuiongezea kasi kadi kwa programu aliyoelekezwa na rafiki, nalo ni swali ambalo vijana wengi hulijibu kwa haya. Yule anayeyakusanya yote haya katika neno moja, "inazima," akakutajia bei papo hapo, muage kwa heri.

Kuna na wale ambao hufungua daftari la matukio la Windows mbele ya mteja, wakamwonyesha kwa fahari tukio namba 41, wakasema ugonjwa ndio huo. Namba ile haisemi ila kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa kwa taratibu, jambo ambalo mteja alilijua kabla hajatoka nyumbani kwake. Stadi huipita bila kusimama, akasoma yaliyoandikwa kabla yake.

Katika miji yetu ya pwani joto ndilo mshitakiwa wa kwanza, wala si kwa uonevu. Kompyuta hizi huweka prosesa na kadi ya michoro, viwili vinavyokula umeme kuliko vyote, chini ya mabomba ya shaba ambayo mara nyingi huyatumia kwa pamoja, na hewa ya kuvipoza ni ile ile ya chumbani. Basi chumba cha Mombasa chenye nyuzi 32 huanza safari kikiwa mbele ya chumba cha nyuzi 20 kwa nyuzi 12, na karibu zote hizo huonekana katika kipimo cha ndani. Prosesa nyingi za aina hii zimewekewa kikomo kati ya nyuzi 95 na 105, nazo zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe; kujizima kabisa ni hatua ya mwisho, kipozeo kikishindwa hata baada ya kasi kushuka. Ndipo fundi mzuri huuliza: gemu lilianza kuwa zito kabla ya kukatika, au lilikatika likiwa jepesi? Na kama kipimo kinaonyesha kuwa chombo kilikufa kikiwa nyuzi 75, joto la prosesa halina hatia, na mwenye kuuza pesti mpya ya kupitishia joto hapo anauza dawa ya maradhi ya mtu mwingine. Kwa maoni yangu, mpaka kati ya fundi wa wastani na fundi hodari umepita hapa hasa, kwa kuwa wote wawili wanajua kwamba joto huua, lakini ni mmoja tu anayejua kuliachilia huru.

Kisha tazama kama hubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Ataibebesha prosesa kazi peke yake, halafu kadi peke yake, halafu zote mbili. Atalifungia gemu lisizidi picha 60 kwa sekunde aone kama ajali inatoweka. Mwenye kubadili pesti, rami, draiva na Windows yenyewe katika alasiri moja, chombo kikapona, hajui alichokiponya, nawe umelipia vitu vinne.

Chaja hudharauliwa mno. Kompyuta ya michezo huweza kudai wati 230 au zaidi, yaani volti 19.5 kwa ampea 11.8, na chaja ya badala iliyonunuliwa Kariakoo au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi kwa sababu tu kichwa chake kinaingia huenda haifiki nusu yake. Betri italipa pengo kwa muda, itapungua ilhali waya umechomekwa, na ikiwa imechakaa, chombo kitaanguka pale mchezo unapopamba moto. Fundi atakayesahau kukuambia uje na chaja yako, mtilie shaka. Na betri iliyovimba mpaka ikainua kibao cha kugusa haikandamizwi wala haitobolewi. Huondolewa kwa hadhari, na kazi nyingine yoyote hungoja.

Rami na diski hazihitaji maneno mengi: zipo programu za kuzipima, na uvumilivu wa kuiacha MemTest86, ile ya kupima rami, ifanye kazi usiku kucha ndio tofauti.

Mikono nayo ina ushuhuda wake. Akishafungua mfuniko, kitu cha kwanza kukichomoa kiwe waya wa betri. Akipuliza vumbi, huzuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo na kuharibu beringi. Parafujo za kipozeo, ambazo mara nyingi zimechapwa namba kandokando yake, hukazwa kwa kufuata namba hizo, kidogo kidogo, ili kipozeo kikae sawasawa juu ya chipu. Vile vipande laini vinavyofunika kumbukumbu za kadi vina unene wake, wa nusu milimita, au 1, au zaidi, na asiyeupima akaweka kinene kuliko cha asili atakiinua kipozeo kisiiguse chipu, kisha ashangae kwa nini joto limezidi baada ya usafi. Metali ya maji inayopakwa badala ya pesti, ambayo imejaa galiamu, hupitisha umeme na huila aluminiamu; ukimwona anaipaka pasipo kukagua kipozeo kimeundwa kwa metali gani, kiokoe chombo chako. Na yule anayeichoma chipu ya kadi kwa hewa moto mpaka ikafufuka hana budi kukuambia kwamba ufufuo huo mara nyingi ni wa muda. Akikuuzia kama tiba kamili, hiyo ni ghashi.

Siku ya kuchukua, usiridhike kuiona inawaka. Taka ijaribiwe kwa gemu lile lile lililoiua, kwa chaja yako, mfuniko ukiwa umefungwa na parafujo zote, kwa muda unaozidi ule iliokuwa ikichukua kuanguka. Na vipuri vilivyotolewa virudi mkononi mwako. Mara chache utakutana na fundi atakayekwambia kwamba ameijaribu kwa njia zote na haikuzimika, hivyo hana la kubadili, na anataka ujira wa muda wake tu. Wengi humwona huyo kuwa ameshindwa kazi na hugombana naye juu ya malipo. Mlipe, na ikizimika tena mrudishie yeye, maana atakuwa ameshaandika aliyoyapima.