Lalamiko Lisilo na Waitikiaji

Ukiingia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea maoni ya wananchi, unatakiwa kuchagua utanzu. Wenyewe hawauiti hivyo, bila shaka. Wanakuuliza tu kama unacholeta ni lalamiko, pendekezo, swali au pongezi. Lakini sisi tuliozoea kubishana usiku kucha kama utungo fulani ni utenzi au ni wimbo tunajua kinachotendeka hapo: hujasema neno, umeshapewa umbo la kusemea.

Nimeandika habari za Shinyanga na Geita kwa miaka kadhaa sasa, na sijawahi kumsikia mchimbaji mdogo akitoa lalamiko tupu. Akitaka kueleza alivyoondolewa kwenye duara lake, ataanza na salamu ndefu, ataingia kwenye historia ya nani alifika wa kwanza eneo lile, atamsifu sana mkuu wa wilaya aliyepita ili amchome huyu wa sasa, kisha atauliza swali ambalo jibu lake analijua. Zile sifa ndizo lalamiko lenyewe. Uziweke kwenye kisanduku kipi?

Ndiyo maana naona mifumo hii inastahili wahakiki wa fasihi pia, isiachiwe mafundi na wafadhili peke yao. Fundi anapima kama ujumbe umefika. Sisi tuna swali jingine: huyu anayesema, anasema akiwa na nani?

Tutoke kidogo Kanda ya Ziwa twende Njombe, maana mfano mzuri kuliko yote uko huko. Miaka kumi na kitu iliyopita shirika la Daraja lilianzisha mradi wa Maji Matone. Bomba la kijiji likiharibika, mwananchi atume meseji; meseji ipelekwe kwa wahusika wa maji wilayani, na vyombo vya habari vijue, ili mhusika asiikalie. Wazo zuri, kusema kweli. Walitarajia meseji 3,000. Zikaja 53. Wakausimamisha mradi, halafu wakafanya jambo la nadra sana kwenye ulimwengu wa miradi: wakaandika hadharani kwamba wameshindwa, na kwa nini. Andiko lile nimelisoma zaidi ya mara moja, na bado naliona bora kuliko ripoti nyingi za mafanikio zinazopita mezani kwangu. Sababu zake zinatosha kuanzishia riwaya: wanaochota maji ni wanawake na watoto, wenye simu ni wanaume, mtandao haushiki, watu hawaamini kama kuna kitakachofanyika, tena wanaogopa kuonekana wamemchongea mkubwa.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikaa. Meseji hutumwa na mtu mmoja, akiwa peke yake, na namba yake imo ndani. Leo laini imesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo upweke huo umezidi.

Shinyanga na mikoa jirani ilishaonja kinyume chake. Machi 2009, mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yameitikisa Kanda ya Ziwa, Serikali iliitisha kura za maoni za siri. Wananchi walipewa karatasi waandike majina ya wanaowashuku kwa mauaji hayo, na kwa makosa mengine kama ujambazi. (Geita wakati ule ilikuwa bado chini ya Mwanza, mkoa ulizaliwa 2012.) Hofu ya kujulikana ikaondolewa, kwa sababu karatasi haina mwandishi. Na sibezi: mtu anayejua muuaji analala nyumba ya pili hawezi kunyoosha mkono mkutanini.

Lakini isome karatasi ile kama utungo. Ni jina tupu, nomino isiyo na kitenzi. Hakuna "nilimwona", hakuna "usiku ule", hakuna aliyesikia na kuuliza "una hakika?" Na hii ni Shinyanga, ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kisa macho yao mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Jina lisilo na hadithi ni hatari huku. Meseji ilimwacha msemaji bila kinga. Karatasi ilimwacha anayetajwa bila kinga.

Usukuma wenyewe una umbo la tatu, na ni la zamani. Frank Gunderson amelichunguza vizuri katika kitabu chake cha nyimbo za kazi za Wasukuma kilichotolewa na Brill mwaka 2010. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, anatunga, wacheza wanaitikia. Baada ya mavuno huja mashindano ya ngoma, makundi ya Bagika na Bagalu yakishindana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Yaani watu wanapiga kura kwa miguu, mchana kweupe! Manju akimsema kiongozi mla fedha za pamba, maneno yale hayabaki yake. Yanashikwa na waitikiaji, na kufikia jioni yako midomoni mwa mamia. Utamkamata nani? Na asemwaye naye yumo uwanjani, anaweza kujibiwa na manju wa upande wa pili.

Sitaki kuufanya uwanja huo kuwa pepo. Sungusungu walioibuka mpakani mwa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, kulinda ng'ombe na nyumba, nao walikuwa na nyimbo na viapo vyao, na wapo waliohukumiwa na umati ule bila pa kukata rufaa. Waitikiaji wakikukataa, umekwisha.

Hata hivyo, linganisha na ripoti za TEITI, ule mpango wa uwazi wa madini, mafuta na gesi ambao Tanzania iliingia 2009 na kuutungia sheria 2015. Nazithamini, bila hizo tungebaki na tetesi. Ila ripoti kamili nilizosoma ziko kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kitenzi cha kutendwa, ambamo malipo "yalifanywa" na tofauti "zilibainika", mtendaji hayupo kabisa. Kwa miaka mingi mgodi mkubwa wa Geita uliilipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, kiwango kilichofungwa na mkataba, kabla ya kuhamia ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Habari hii ina wahusika, ina mgogoro, ina kabla na baada. Manju mzuri angeimaliza kwa beti sita. Kwenye jedwali ni safu moja ya tarakimu, na huwezi kuitikia jedwali.

Ukumbi wenye waitikiaji tunao tayari, tena kisheria. Sheria namba 7 ya 1982 ya serikali za mitaa imeweka mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi mtu mzima, na hapo ndipo mapato na matumizi yanapotakiwa kusomwa kila robo mwaka. Yanaposomwa. Lalamiko la kwenye simu, kwa upande wake, unapewa namba ulifuatilie mwenyewe. Sioni kwa nini viwili hivi visikutane. Mtendaji akimaliza kusoma mapato na matumizi, asome na orodha ya malalamiko yaliyoingia mfumoni kutoka kijiji hicho, bila majina ya waliyoyaleta, pamoja na majibu yaliyotolewa. Akifika kwenye lile la kisima, mtu mmoja kule nyuma ataguna. Mwingine atasema, "Hata kwetu ni hivyo hivyo."