Kwa Waliochora Pembeni

Gari la mama yake Andy, katika Toy Story ya mwaka 1995, lina namba A113. Hakuna mhusika anayeitaja, na hadithi ingekwenda vilevile hata kama bati lile lingebeba namba nyingine yoyote. Lakini namba hiyohiyo imo kwenye kamera ya mpiga mbizi katika Finding Nemo, imo sikioni mwa panya mmoja wa Ratatouille, na katika WALL-E imekuwa jina la amri ya siri inayowazuia binadamu wasirudi duniani. Mashabiki waliiona, wakaanza kuulizana. Jibu likaja kujulikana: A113 ni chumba cha darasa katika chuo cha sanaa cha CalArts, jimboni California, ambako waongozaji John Lasseter, Brad Bird na wenzao walisomea uchoraji wa katuni. Kila wanapoiweka namba ile wanasalimiana, aliyesoma chumba kile na aliyesoma chumba kile, juu ya vichwa vya mamilioni ya watazamaji.

Watu wanaosimamisha filamu ili wasome namba ya gari huambiwa mara nyingi kwamba wana muda wa kuchezea. Sikubaliani kabisa. Hao ndio watazamaji wanaompa mchoraji wa mandhari haki yake. Kazi ya mchoraji huyo hufanywa ili ipitwe na macho, na anayerudi nyuma kuitazama humlipa fundi deni ambalo mwenyewe hakuwahi kulidai.

Fikiria tofauti iliyopo. Ukienda na kamera Kariakoo kupiga filamu ya kawaida, utarudi na mengi usiyoyaomba: mkokoteni uliokatisha, bango lililopauka, paka juu ya paa, mtu anayekodoa macho. Yameingia yenyewe. Katika katuni hakuna paka anayepita kwa bahati. Akionekana, basi kuna mtu aliyekaa kitini akaamua awepo, akamchagulia rangi, akafikiria mkia wake uelekee wapi. Hata mikunjo ya pazia imeamuliwa. Kwa hiyo anayeuliza mbona kitabu fulani kimewekwa kwenye rafu ya Andy anauliza swali lenye mashiko, na kweli jibu lipo: baadhi ya vitabu vile vina majina ya filamu fupi ambazo studio ya Pixar ilizitengeneza kabla ya Toy Story, kama Tin Toy na Knick Knack. Waliijengea rafu ya mtoto historia ya karakana yao.

Kabla ya kompyuta kushika kazi, wahusika walichorwa kwenye karatasi angavu za plastiki, zikalazwa juu ya mandhari iliyopakwa rangi kwa mkono, kisha zikapigwa picha moja baada ya nyingine. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Mchoro wa mhusika huonekana kwa chembe ya sekunde halafu unaondolewa, unawekwa mwingine. Mandhari hubaki. Mchoro mmoja wa msitu au wa jiko waweza kukaa mbele ya macho yetu muda wote wa tukio, na bado tukatoka ukumbini tukikumbuka sungura aliyeruka tu. Mchoraji anajua hivyo tangu mwanzo. Hutuliza rangi pale mhusika atakaposimama, huacha mwanga uangukie hapo, na ufundi wake mwingi huupeleka pembeni, kwenye magugu na kwenye ubao wa sakafu ulioanza kuoza. Ni kazi ya unyenyekevu mkubwa, nami naihesabu miongoni mwa sanaa ngumu kuliko zote za filamu.

Oga Kazuo ndiye aliyeongoza sanaa ya mandhari katika My Neighbor Totoro, filamu ya Miyazaki Hayao ya mwaka 1988. Alizaliwa Akita, kaskazini mwa Japani. Mashamba aliyoyachora yapo kwingine, Tokorozawa karibu na Tokyo, kama yalivyokuwa miaka ya 1950, lakini ukitazama mitaro na nyasi zake utaona mkono wa mtu anayelijua shamba. Asubuhi yake haifanani na alasiri yake. Unaweza kukisia saa kwa kutazama ukuta. Na filamu yenyewe inamtukuza anayetazama chini: Mei, mtoto wa miaka minne, anaokota ndoo iliyotoboka, anachungulia kupitia tundu lake, anaona mbegu ya mwaloni imelala kwenye majani. Anaiokota, anaona nyingine, anazifuata, na mwisho wa njia ile ndipo anapomkuta Totoro amelala. Dada yake mkubwa, aliyekuwa shuleni, hakuiona njia hiyo.

Kuhusu filamu hii ilizuka nadharia ya kutisha. Baadhi ya watazamaji waliona kwamba katika matukio ya mwishoni Mei na dada yake Satsuki hawana vivuli. Wakakumbuka kandambili iliyookotwa bwawani wakati Mei amepotea. Wakaunganisha: watoto wamekufa, na Totoro ni mungu wa mauti. Uvumi ulienea mpaka mwaka 2007 studio ya Ghibli, iliyoitengeneza filamu hiyo, ikalazimika kutoa kauli. Ilisema hakuna ukweli wowote katika hayo, na kwamba vivuli viliachwa kwa kuwa havikuonekana kuhitajika. Hata ya kandambili iko wazi ndani ya filamu: Satsuki anaitazama na kusema si ya Mei.

Naifikiria kauli ile mara nyingi. Inafundisha mpaka wa kukisia vizuri zaidi kuliko maelezo marefu. Kilichopo kwenye katuni kimechaguliwa, lakini kisichokuwepo huenda ni jasho lililookolewa tu. Kivuli cha mhusika hakijichori. Lazima kichorwe na kupakwa rangi upya kwa kila mchoro, mamia kwa mamia, na penye uchovu na tarehe ya kukabidhi kazi mtu husema kivuli hiki tukiache. Waliozua nadharia walikosea kuhusu mauti. Kuhusu mwanga walikuwa na macho makali: waliona jambo ambalo wengine wengi tulilipita, na waliliona kwa sababu Oga alikuwa ameshawazoesha kuamini kwamba jua la filamu ile ni jua la kweli.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 ilivuma nadharia kwamba filamu zote za Pixar zinatokea katika ulimwengu mmoja, na ushahidi wake mwingi ulitoka pembeni mwa picha: mwanasesere wa Nemo anayeonekana katika Monsters, Inc. ya mwaka 2001, miaka miwili kabla Nemo hajapata filamu yake. Yumo pia dubu Lotso, chumbani mwa mtoto katika Up, mwaka mmoja kabla ya Toy Story 3. Mimi siiamini nadharia hiyo, lakini nauheshimu uvumilivu uliotumika kuijenga. Vivyo hivyo kwa ngozi ya simba anayoivaa Hercules anapochorwa kwenye mtungi, katika filamu ya mwaka 1997. Ni ngozi ya Scar, ami yake Simba katika The Lion King. Aliyeongoza uchoraji wa Scar mwaka 1994 ni Andreas Deja, na Hercules mtu mzima alikuwa mikononi mwake pia. Fundi aliileta kazi yake ya jana ikae na ya leo.

Swali ninalotamani mashabiki waliulize zaidi ni hili: mbona msitu wa Bambi una majani machache hivyo? Simamisha filamu hiyo ya mwaka 1942 mahali popote penye ukungu, utaona vigogo viwili vitatu, mwanga, na karibu hakuna kingine. Msitu wa kwanza waliojaribu ulijaa matawi hata Bambi mwenyewe hakuonekana. Aliyeupunguza ni Tyrus Wong, aliyezaliwa China mwaka 1910 na kufika Marekani akiwa mtoto. Katika studio ya Disney alikuwa kijana wa kujaza michoro ya katikati, ile inayounganisha mkao mmoja wa mhusika na mwingine. Alichora picha ndogo za msitu kwa namna ya wachoraji wa kale wa nasaba ya Song, akiacha ukungu useme. Walt Disney alizipenda, na filamu nzima ikafuata mkono wake. Mwaka 1941, baada ya mgomo wa wachoraji, aliachishwa kazi kabla Bambi haijatoka, na filamu ilipotoka jina lake liliwekwa tu kati ya majina ya wachoraji wa mandhari. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete hii ilichelewa sana: kampuni ilimtunuku heshima yake kubwa mwaka 2001, akiwa amevuka miaka 90. Filamu ya maisha yake, Tyrus, ilitoka mwaka 2015, naye alikuwa hai.