Nipendeni, Lakini Nani Anaambiwa?

Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walizindua kampeni ya Wazazi Nipendeni. Hapa Buseresere tuliifahamu kwa redio na mabango, lakini zaidi kwa simu: unatuma neno "mtoto" kwenda namba 15001, bila malipo, unaeleza mimba ina wiki ngapi, kisha ujumbe unaanza kuingia kwa kufuata umri wa mimba. Mradi ule umepimwa sana kwa hesabu. Mimi nataka kuusoma kama maandishi, kwa sababu mwaka 2014, nikiwa na mimba ya pili, niliurudia ujumbe ule kuliko kitabu chochote.

Nianze na jina. Anayesema ni mtoto, na anaowaambia ni zaidi ya mmoja. Hakusema "mama, nipende". Amesema nipendeni, na hiyo -ni ya mwisho ina kazi kubwa. Maelezo mengi niliyokuwa nimepewa kabla ya hapo yalinielekea mimi peke yangu, kana kwamba mimba niliiokota njiani. Hapa baba ameitwa kwa sarufi, na hana pa kujificha. Hata huduma yenyewe ilimruhusu mume, ndugu au rafiki kujiandikisha kama msaidizi. Sentensi zilikuwa fupi, hazikufoka, na dalili za hatari nilizijua kupitia hizo.

Simu yenyewe ilikuwa ya mume wangu, naye alikuwa kwenye maduara, akirudi nyumbani baada ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo nilisoma ujumbe wa wiki tatu kwa mkupuo. Ulihimiza tuchague mapema kituo cha kujifungulia, tuweke akiba, tufikirie usafiri na mtu wa kutoa damu. Nilimsomea kwa sauti. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, mama. Duara likitema, yote hayo tutafanya."

Hakuwa mkaidi. Ujumbe unahesabu wiki, na duara halina wiki. Mchimbaji mdogo anaweza kushinda shimoni miezi kadhaa akila kwa mkopo. Siku likitema anagawiwa mifuko yake ya mawe, anaipeleka karasha, anaosha, ndipo ajue kama amepata kitu. Mkulima wa pamba naye ana msimu wake. Kuweka kidogo kidogo ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye fedha inamjia kidogo kidogo. Yetu haiji hivyo, na aliyeuandika ule ujumbe hakuonekana kulifikiria hilo.

Udhaifu wa pili umo katika jina lile lile nililolisifu. Nyumbani kwetu likitajwa neno wazazi, hakuna anayenifikiria mimi na mume wangu. Wazazi ni baba mkwe na mama mkwe. Mji ni wao, mifugo ni yao, na mimba iliyomo ndani ya mji ni jambo lao. Mama mkwe alikuwa ameshaamua: nitazalia nyumbani, kama yeye. Alikuwa na dawa yake ya mizizi, kwa hofu kwamba mimba ingerudi mgongoni. Siku moja nilimuuliza, "Mayu, wewe ulipokuwa na mimba uliogopa nini?" Nilitegemea aseme damu. Akasema, "Kuitwa mgumba."

Miaka baadaye nilikutana na jibu hilo kwenye kitabu. Denise Roth Allen, mtafiti kutoka Marekani, aliishi na kufanya utafiti mkoani Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1990, muda si mrefu baada ya mkutano wa Nairobi wa Februari 1987 ulioanzisha juhudi za kimataifa za uzazi salama. Kitabu chake, Managing Motherhood, Managing Risk, kilitoka 2002. Hoja yake ni kwamba hatari inayoandikwa na wataalamu siyo hatari pekee wanayoishi nayo wanawake. Kwa wengi, kukosa mimba au kuipoteza ni sehemu ya hofu ile ile ya uzazi. Nilipokisoma nilimwona mama mkwe. Lakini ni kitabu cha Kiingereza, cha chuo kikuu, na mayu hatakisoma kamwe.

Sisemi kampeni ilishindwa. Kitaifa, waliojifungulia kwenye vituo vya afya walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16, wakafika 81 katika ule wa 2022. Maneno peke yake hayakufanya hivyo, lakini yalikuwemo. Na kwangu yalifanya kazi, ila kwa njia ambayo hayakupangiwa.

Mwezi wa mwisho duara lilikuwa bado halijatema. Jioni moja mume wangu alichukua simu, akakaa karibu na mama yake, akamsomea ujumbe kwa Kisukuma. Kila palipotajwa baba na mama, yeye alisema bibi. Bibi uandae nauli. Bibi umtafute mtu wa kutoa damu. Mama mkwe alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mtoto amenitaja mimi?"

Asubuhi aliuza mbuzi. Fedha ile ilinunua glovu, pamba, kiwembe, mpira wa kulalia na doti mbili za kanga, nyingine tukaiweka kwa ajili ya usafiri. Vitu alivifunga yeye mwenyewe ndani ya beseni, na dawa yake ya mizizi akaichomeka chini kabisa. Nilijifungulia kituoni, yeye akiwa nje ya mlango.

Atakayeandika ujumbe mwingine wa aina hii aanze na huyo aliyekaa nje ya mlango, amwambie kwa cheo chake, na amwandikie mwezi ambao nyumbani hakuna fedha.