Kitufe Kimoja, Kazi Tatu

Mnaijua tochi yenyewe: alumini nyeusi, kichwa cha zumu kinachovutwa mbele na kurudishwa, kitufe cha mpira mkiani. Bonyeza, mwanga wote. Kiguse kidogo, nusu mwanga. Kiguse tena, inapepesa kama taa za disko matanga. Mengine yamefanywa vyema: LED haikatiki uzi kama balbu ya zamani, alumini inapoza joto, na betri moja ya lithiamu ya 18650 inakaa. Lakini uamuzi wa kukipa kitufe cha mkiani kazi ya kuwasha, kazi ya kupima mwanga na kazi ya kupepesa, vyote kwa kidole kimoja gizani, ni kosa la wazi. Kwa mtu wa Ahero anayetafuta tochi ya kutia mfukoni leo, swichi ya kuzungusha ndiyo ya kuchukua. Nitaeleza kwa nini, maana ubishi wa kitufe na kuzungusha umegeuzwa kuwa suala la mazoea ya mkono, ilhali kiini chake ni namna umeme unavyopita.

Tazameni kosa hilo lilivyofanywa. Nyuma ya LED kuna kibao kidogo cha saketi. Kibao hicho hakina waya wa kukiambia mwenye tochi anataka mwanga kiasi gani. Habari pekee kinayopata ni umeme wenyewe. Umeme ukikatika kidogo tu kisha ukarudi, kibao kinahesabu kwamba kidole kimegusa kitufe, kinasogea hatua moja: kutoka juu kwenda nusu, kutoka nusu kwenda kupepesa. Ukikatika kwa muda mrefu zaidi, kinahesabu kwamba tochi imezimwa. Aliyebuni aliona amepata kazi tatu kwa swichi moja bila kuongeza waya hata mmoja, na juu ya meza ya kiwanda huo ni werevu. Tatizo ni kwamba kibao hakiwezi kutofautisha kidole na mtikisiko. Springi iliyolegea inakata umeme kwa muda uleule ambao kidole kingekata. Sehemu ya mguso yenye kutu, vivyo hivyo. Betri inayocheza ndani kwa sababu kile kikopo cha plastiki cha kuishikilia ni chembamba, vivyo hivyo. Sasa mpe tochi hiyo mwendesha boda boda ambaye taa yake ya mbele imekufa, aifunge kwenye usukani kwa ukanda wa mpira, atoke pale makutano ya barabara ya Kisii aingie kwenye uwanda wa Kano, kwenye njia ya udongo mweusi uliokauka na kubaki na mifereji ya magurudumu. Kila shimo ni amri. Mwanga unashuka nusu bila yeye kutaka, shimo la pili unaanza kupepesa, na ili arudi kwenye mwanga wote lazima aachie mkono mmoja wa usukani akitafute kitufe. Tochi ya hali moja, hata iwe na springi mbovu kiasi gani, ingekonyeza tu mara moja na kurudi ilivyokuwa. Ugonjwa wa springi ni wa tochi zote. Kilichougeuza kuwa hatari ni uamuzi wa kuufanya ukatikaji wa umeme kuwa lugha.

Na mpangilio wa hatua zenyewe ni kosa juu ya kosa. Jicho la binadamu linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na mwanga mkali wa muda mfupi tu unaifuta kazi hiyo yote. Mkulima wa skimu ya Ahero, ambako maji ya mto Nyando huvutwa kwa pampu na kugawanywa kwa mifereji, akitoka usiku kuangalia kama maji yamefika kwenye jaruba lake, anahitaji mwanga mdogo wa kuona tuta la kukanyaga, kisha mwanga mkubwa kwa nukta chache pale anaposikia kitu majini. Tochi hii inampa kinyume: inaanza kwa mwanga wote, unaorudi usoni kwake kutoka kwenye uso wa maji, na ili aupate mdogo lazima kwanza apofushwe. Akikosea mguso mmoja anaingia kwenye kupepesa, na kwa mwanga wa kupepesa jicho linapoteza mwendo wa vitu. Nyoka anayetambaa anaonekana vipande vipande, huwezi kujua anakuja au anakwenda. Nimeshasema katika safu hii, na nitazidi kusema: kupepesa hakuna kazi kwenye tochi ya nyumbani. Ziwani ni vibaya zaidi. Wavuvi wa omena wanafanya kazi usiku usio na mwezi, na mwanga unaokatika-katika juu ya maji ni njia ya kuita msaada. Tochi inayoutoa bila kukusudiwa, usiku baada ya usiku, inawazoesha watu kuupuuza.

Swichi ya kuzungusha, tukisema kweli, ni tochi isiyo na swichi. Ukingo wa bomba la alumini unagusana na kifuniko cha mkiani ukikikaza, unaachana nacho ukikilegeza, basi. Hakuna kijisanduku cha plastiki chenye springi ndogo na vipande vya shaba ambavyo huvioni wala huwezi kuvifikia. Jambo hili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na hesabu yake ni fupi. LED nyeupe inataka kama volti 3. Betri ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, lakini sehemu kubwa ya kazi yake inaifanya karibu na 3.7. Zinabaki kama volti 0.7 za kuchezea. Tochi ikivuta ampia 1, na njia ya umeme ikawa na ukinzani wa nusu omu tu kwa sababu ya uchafu, umepoteza nusu volti, yaani zaidi ya theluthi mbili ya kile kilichobaki. Tochi za bei ya chini haziongezi volti, kwa hiyo mwanga unafifia, mwenye tochi anailaumu betri, ananunua nyingine, inafifia vilevile. Kwenye tochi ya kuzungusha unafungua kifuniko, unapangusa ukingo wa bomba kwa kitambaa kikavu, na ukinzani umeondoka. Kwenye ya kitufe uchafu uko ndani ya swichi yenyewe, iliyobanwa mkiani kwa pete inayotaka koleo yenye ncha nyembamba, na ukifika kwa fundi atakuambia swichi hiyo haifunguliwi, inabadilishwa nzima.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo. Tochi za bati zilizokuwa kila nyumba, Tiger Head na wenzake, zilikuwa na swichi ya kuteleza ubavuni, na chini yake ukanda wa shaba ambao fundi yeyote wa jua kali aliukunja kidogo, akaupiga msasa, akakurudishia tochi ukiwa umesimama pale pale. Tochi ya jeshi la Marekani ya shingo iliyopinda, MX-991/U, iliwekewa kingo kando ya swichi ili mkoba usiiwashe. Mini Maglite iliyotoka mwaka 1984 haikuwa na kitufe popote: ulizungusha kichwa ikawaka, ukaendelea kuzungusha ukapanua au kukusanya mwanga, ukaking'oa kabisa ikasimama mezani kama mshumaa. Najua mtakachoniuliza: je, hiyo nayo haikukipa kichwa kazi mbili, kuwasha na kulenga? Ilikipa, na ulikuwa udhaifu wake. Ukiizima unapoteza ulengaji ulioutafuta, na inawaka ikiwa imelegezwa, jambo ambalo kwa kuzuia maji si bora kuliko mkia unaokazwa. Lakini tofauti ni kubwa. Mzunguko ni mwendo mmoja usio na ngazi: mkono unahisi uko wapi, unaweza kurudi nyuma kidogo bila kuzunguka nyumba nzima, na hakuna mahali katikati ambapo tochi inaanza kupepesa. Kazi mbili zilizo kwenye mstari mmoja zinavumilika. Zumu ya leo ya kuvuta haina hata fadhila hiyo, maana kichwa kinachoteleza kinasukuma na kuvuta hewa kama pampu, na siku ya mafuriko ya Nyando kinachovutwa ndani ni maji ya matope.

Pingamizi lenye nguvu ni la mkono mmoja. Soja wa usiku ana rungu mkono wa kulia, mama ana mtoto begani, mvuvi ameshika kamba ya wavu. Nani ana mikono miwili ya kuzungushia kifuniko? Hoja hii ni ya kweli, na kwa soja naikubali yote: yeye anataka kitufe, tena kile ambacho mguso mwepesi unawasha kabla ya kubofya, ili aachiapo kizime. Angalieni tu kwamba nyingi ya tochi hizi za zumu zina kitufe cha kinyume. Mguso mwepesi hauwashi chochote mpaka kwanza ubofye mpaka mwisho na kuachia, kwa hiyo hata soja hakupewa anachohitaji. Kwa wengine jibu lilikwishapatikana zamani kwenye tochi ya SureFire 6P: ukibonyeza mkia unapata mwanga wa kushikilia, ukiuachia unazima, ukitaka mwanga ukae, unazungusha mkia huohuo. Kidole kwa mwanga wa kupita, mzunguko kwa mwanga wa kukaa, na kibao hakihesabu chochote. Kofia yake ya kufungia ilikwenda mbele zaidi: ukiilegeza zaidi, hata ukibonyeza haiwaki, ikae mfukoni salama. Sisi wenyewe tulikuwa na kitu cha ukoo huo mikononi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, mama wa simu zote tulizoziita mulika mwizi, iliwaka kwa kushikilia kitufe cha C na kuzima ukikiachia, au ukakibonyeza mara mbili ikabaki inawaka. Watu waliijua bila kufundishwa. Simu ya kioo iliyokuja baada yake imeificha tochi nyuma ya picha ndogo ambayo kidole chenye tope au mvua hakiifungui.

Pingamizi la pili ni la udongo, na wanaolitoa wanaijua Kano. Udongo mweusi ukiingia kwenye meno ya skrubu na kukauka, unasaga alumini, na mpira wa oringi unaliwa kila unapozungusha. Kweli. Ila pimeni aina mbili za kuharibika. Meno machafu yanajitangaza: unasikia mkwaruzo, unafungua, unapangusa, unapaka mafuta kidogo ya silikoni (si mafuta yoyote ya kujipaka, maana mpira wa aina nyingine huvimba ukipakwa jeli ya petroli) na kazi imekwisha. Kifuniko cha mpira cha kitufe kinapasuka kimyakimya kwa jua na kwa kucha, ufa hauuoni, na maji yanapoingia yanakwenda moja kwa moja kwenye swichi usiyoweza kuisafisha. Tena tochi ya kuzungusha haiwashwi na funguo zilizo nayo mfukoni. Ya kitufe huwashwa, na unakuja kuigundua jioni ikiwa moto na betri imekwisha.

Wauzaji watasema wateja ndio wanaotaka hali nyingi, kwamba sanduku lililoandikwa hali tatu linatoka kabla ya lililoandikwa hali moja. Linatoka, kama linavyotoka lile lililoandikwa lumeni elfu kumi ambazo betri iliyo ndani haiwezi kuzilisha hata kwa dakika moja. Mteja mwenye tochi ya kitufe tu mbele yake hajachagua kitufe. Nakuru ilipokuwa na kiwanda cha Eveready, kabla hakijafungwa mwaka 2014, tochi na betri zake zilikuwa na mahali ambapo lawama ingeweza kupelekwa. Tochi ya leo haina jina lolote sandukuni, na aliyeamua kuhusu kitufe chake hatasikia kamwe ilivyofanya kazi Kano. Ndiyo sababu uchaguzi umebaki kwa mnunuzi, pale kibandani.

Basi ukiwa pale, usiiwashe ukutani kutazama duara la mwanga. Kila LED mpya inang'aa. Ikiwa ni ya kuzungusha, ifungue na ukague kama ukingo wa bomba ni alumini tupu inayong'aa, maana rangi nyeusi ikiufunika umeme hautapita, na kama oringi ipo na imelala sawa kwenye mfereji wake. Legeza robo mzunguko na uitikise. Isiwake hata mara moja. Ikiwa uliyoipata ni ya kitufe tu, iwashe kwa mwanga wote, ishike kwa kichwa, ugonge mkia wake mara tatu kwenye kiganja cha mkono wa pili. Ikihama hali bila kidole chako kugusa kitufe, irudishe kwenye rundo na ujaribu ya pili.