Isale na Mpaka: Uhakiki wa Ishara ya Msamaha miongoni mwa Wachaga wa Marangu

Jani la isale, ambalo Wachaga hulitumia kuombea radhi, aghalabu hufafanuliwa kuwa ishara ya upatanisho kamili: mkosaji hulipeleka kwa aliyekosewa, naye hatarajiwi kulikataa. Ufafanuzi huo una upungufu. Katika vihamba vya Marangu mmea uleule hupandwa mpakani. Hivyo ndugu anayeusogeza usiku huvunja uaminifu kwa alama ileile atakayoihitaji kuombea msamaha.

Jambo hili si la kinadharia tu. Kitabu cha Sally Falk Moore cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila Kilimanjaro kinaonesha namna uhaba wa ardhi ulivyowagombanisha watu wa ukoo mmoja. Kidesturi, kifungua mimba hupewa kihamba na kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi. Wa katikati ndiye hubaki akihesabu migomba ya wenzake. Kwake yeye, kupokea isale kunaweza kuwa kutii shinikizo la wazee tu. Husamehe mbele ya ukoo, ilhali migomba iliyomezwa na mpaka uliosogezwa haijarudi kwake.

Kwa hiyo, dai kwamba isale hurejesha uhusiano linachanganya mambo mawili. Jani huzuia kisasi, na hilo si dogo kwa watu wanaochota maji katika mfereji mmoja. Kuaminiana hurudi, kama kunarudi, pale masale ya mpakani yanapopandwa tena mahali pake, pande zote mbili zikishuhudia.